Pombe, maini na kongosho: namna ya kufuata uharibifu ndani ya seli na kuukata ukiwa bado mdogo

Huku Bukavu mtu akiamka asubuhi bila kichwa kuuma anasema maini yake iko nguvu, na jioni anarudi mezani. Tuanze na kuondoa hiyo mawazo. Nyama ya maini yenyewe haisikii maumivu, ni ile ngozi nyembamba inayoifunika tu njo inasikia, tena mpaka maini ivimbe na kuivuta. Mtu anaweza kupoteza seli mwaka baada ya mwaka huku anakula, anafanya kazi, anapanda mpaka mtaa wa Kadutu kwa miguu, hasikii kitu. Nimeona watu wa aina hiyo wengi, wazee na vijana, na kila mara familia inauliza "lakini alikuwa mzima juzi tu?" Hapana, hakuwa mzima, alikuwa kimya tu.

Kwa hiyo ninaandika kwa anayekunywa na kwa anayeishi na mwenye kunywa, mke, mtoto, dada, ili ujue nini inafanyika ndani, upime nini, na kama ni kuacha, uache namna gani bila kujiletea hatari nyingine.

Fanya hesabu ya chupa yako kwanza

Chukua chupa kubwa ya bia, ile ya 72 cl, usome etiketi. Kama ni 5%, ndani mna mililita 36 za alkoholi safi, na juu alkoholi ni nyepesi kuliko maji hiyo inakuja karibu gramu 28. Sasa maini ya mtu mzima inaondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, si zaidi sana. Chupa moja basi ni kazi ya saa tatu mpaka nne. Ukinywa chupa tatu kuanzia saa moja ya jioni, wewe unalala, maini hailali, inaweza kufika saa kumi na moja ya alfajiri bado inasukuma ile alkoholi ya jana, na kama jioni unaanza tena basi haipati nafasi ndefu ya kujirekebisha. Kahawa, maji baridi, supu ya moto yenye pilipili, hazipunguzi hata kidogo, zinakuamsha macho tu.

Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, njo mbaya zaidi kwa hesabu juu haina etiketi. Pombe kali ya 40%, ukinywa sentilita 10 tu, umeshameza karibu gramu 32, zaidi ya ile chupa nzima ya bia, na unaimaliza kwa dakika mbili. Tena iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, aina nyingine ya alkoholi, ambayo maini inaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inapofusha macho na kuua. Mtu aliyekunywa pombe ya kienyeji akaanza kuona ukungu mbele ya macho usimuache alale, mpeleke hospitali saa ile ile.

Wamama wafanye hesabu kwa ukali zaidi. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume wa kilo zile zile, na tumbo lake linavunja alkoholi kidogo mbele haijaingia kwenye damu, kwa hiyo chupa moja kwake inapiga zaidi na maini yake inaharibika kwa miaka michache kuliko ya mume wake anayekunywa sawa naye. Hiyo si dharau kwa wanawake, ni mwili.

Sasa ingia ndani ya seli ya maini

Alkoholi ikitoka tumboni inapita na mshipa mkubwa mpaka maini, na zaidi ya sehemu 90 kwa 100 inavunjwa ndani ya mwili, hasa hapo, kidogo tu inatoka na mkojo, jasho na pumzi. Ndani ya seli kuna enzimu moja, yaani protini yenye kazi ya kugeuza vitu, inaigeuza kuwa asetaldehidi. Hii njo sumu yenyewe. Halafu enzimu ya pili, ndani ya mitokondria (vile viwanda vidogo vya nguvu vya seli), inaigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo haina shida. Ukinywa polepole na kidogo, ya pili inafuatana na ya kwanza. Ukinywa haraka na mingi asetaldehidi inabaki inazunguka ndani ya seli na inajishika ku protini, ku mafuta, mpaka ku ADN, ule uzi wenye maagizo ya urithi ya seli. Protini iliyoshikwa inapoteza kazi yake, seli inashindwa kusafirisha vitu vyake nje, inajaa maji na protini zilizokwama, inavimba. Na ADN ikiguswa hivyo miaka na miaka, kansa inapata mlango. Lile shirika la utafiti wa kansa la Lyon, Ufaransa, limeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa tangu 1988.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaliambiwi, na mimi naona njo msingi wa yote. Kuvunja alkoholi kunakula kitu kinaitwa NAD, ambacho seli inakihitaji pia kwa kuchoma mafuta na kutengeneza sukari. Alkoholi inapita mbele, kazi zingine zinangoja. Mafuta hayachomwi, tena mapya yanatengenezwa, yanabaki ndani ya seli kwa matone. Hiyo inaitwa steatozi, maini yenye mafuta, na kwa wale wanaokunywa mingi kila siku inawapata karibu 9 kati ya 10. Habari nzuri ni kwamba hatua hii inarudi nyuma, ukiacha kabisa majuma machache tu mafuta yanaondoka.

Na sukari? Juu seli haitengenezi sukari mpya, mtu aliyekunywa usiku mzima bila kula anaweza kushukiwa na sukari mpaka azimie. Watu wanamwona amelala wanasema "mwache, ni pombe." Ukimwita haamki, ukimfinya haamki, mlaze ubavu asije akameza matapishi, mpeleke, na waombe wamtobole kidole wapime glisemi, yaani sukari ya damu, mara moja. Waambie wazi kwamba mtu huyu anakunywa kila siku, usione haya, juu mnywaji wa siku nyingi huwa amepungukiwa vitamini B1, na serumu ya sukari ikiingia bila B1 ubongo wake unaweza kuumia. Munganga (daktari) akijua atampa B1 pamoja. Usipomwambia atajuaje?

Kwa mtu wa kila siku seli inafungua njia nyingine ya kuvunja alkoholi, enzimu inaitwa CYP2E1, njo maana baada ya miaka mtu anahitaji chupa nyingi zaidi ili alewe, na anajisifu. Asijisifu. Njia hiyo inatoa cheche za oksijeni zinazochoma utando wa seli, na akiba ya glutathioni, ile kinga ya seli, inaisha. Halafu asubuhi kichwa kinauma, mtu anaenda ku farmasi ya karibu ananunua parasetamoli, anameza mbili, tatu, mchana tena. CYP2E1 hiyo hiyo inaigeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu ambayo glutathioni ingeizima, lakini glutathioni imekwisha. Mnywaji wa kila siku asipite gramu 2 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na bora aulize munganga kwanza. Usifikirie kwamba diclofenac au ibuprofen njo suluhisho, zinaweza kutoboa tumbo lililokwisha kuumizwa na pombe, na kwa mwenye sirosi, yaani maini iliyojaa kovu, zinaua figo na kuleta kutokwa damu.

Uchafu mwingine unatoka ku utumbo. Pombe inalegeza ukuta wa utumbo, vipande vya bakteria vinapita kwenye damu vinafika maini, pale vinakutana na seli za ulinzi zinazoitwa Kupffer, zinashtuka, zinaita askari wengine wa damu, na vita inapigwa ndani ya maini yenyewe. Ikiwa kali inakuwa hepatiti ya pombe: homa, macho manjano, tumbo kuuma upande wa kuume chini ya mbavu, hamu ya chakula kwisha. Ikishafika kali sana wengi wanakufa ndani ya miezi michache, hata mtu wa miaka 35. Hiyo haingoji uzee.

Halafu kovu. Kati ya seli kuna seli ndogo zingine zinazoweka akiba ya vitamini A, zinakaa kimya. Vita ikiendelea zinaamka, zinatupa vitamini yao na kuanza kutengeneza kolajeni, nyuzi za kovu. Kovu juu ya kovu, damu inakosa njia ndani ya maini, inarudi nyuma, tumbo linajaa maji, mishipa ya koromeo inavimba na siku moja inapasuka, mtu anatapika damu. Hiyo njo sirosi. Kati ya wanywaji wakubwa wanaofika huko ni kama 1 au 2 kati ya 10, na usiseme "basi mimi nitakuwa kati ya wale 8", juu hakuna munganga anayeweza kukuambia mapema uko upande gani. Kama una hepatiti B, ile ya virusi, na huku kwetu iko mingi, hatari inapanda sana. Karanga na mahindi yenye ukungu vilevile, ule ukungu una aflatoksini, ni kansa ya maini inakaribishwa kwa mikono miwili.

Nisipite bila kujibu lile neno la kila meza: "mimi ninakula vizuri, pombe haiwezi kunifanya kitu." Kula mbele ya kunywa kunachelewesha alkoholi kuingia, ni kweli, na ni vizuri kuliko kunywa na njaa. Lakini haikingi maini. Charles Lieber, mtafiti wa New York, na wenzake walionyesha 1975 kwamba nyani waliopewa alkoholi pamoja na chakula kamili walipata maini ya mafuta, kisha hepatiti, wengine mpaka sirosi. Mbele yake wataalamu wengi walifikiri ni njaa tu inayowaua walevi. Nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma hazifuti kitu.

Kongosho, hiyo inapiga kelele

Kongosho, pankreasi, iko nyuma ya tumbo la chakula, ndefu kama sentimita 15. Seli zake zinatengeneza enzimu zinazokata nyama, mafuta na unga, na kwa sababu enzimu hizo zingekata hata seli zenyewe, zinatoka zikiwa zimefungwa, kama visu vya mchinjaji ndani ya ala, mpaka zifike kwenye utumbo njo zinafunguliwa. Moja inaitwa tripsinojeni, ikifunguliwa inakuwa tripsini na inafungua zingine zote.

Alkoholi inavuruga mpango huo kwa njia kadhaa. Ndani ya seli za kongosho sehemu ya alkoholi inaungana na mafuta, inatengeneza kitu ambacho kinamwaga kalsiamu ndani ya seli, nyingi na kwa muda mrefu, kinyume na kawaida yake. Mitokondria zinazidiwa, nguvu ya seli inakwisha, pampu za kutoa kalsiamu zinazima. Vile vifuko vya enzimu vinalegea, vinachanganyika na vifuko vingine vya seli vyenye kuvunja takataka, na tripsinojeni inafunguliwa hapo hapo ndani. Kongosho inaanza kujisaga yenyewe. Mtu wa kwanza kusema hivyo alikuwa Hans Chiari, 1896, na bado njo maelezo tunayotumia. Tena kwenye mifereji, majimaji ya kusafisha yanapungua, protini zinaganda, zinakuwa vizibo, baadaye mawe.

Maumivu yake hayafichiki. Juu ya tumbo katikati, yanachoma mpaka mgongoni, mtu anakaa ameinama mbele ameshika magoti juu akilala chali inazidi, anatapika na kutapika hakumpunguzii. Inaweza kuanza saa kadhaa baada ya sikukuu kubwa, au siku moja, mbili baadaye. Usimpe chakula, usimpe dawa ya minyoo, usimpe "kidogo tu ya kutoa baridi". Hospitali. Pale watapima lipaze, enzimu ya kongosho, ndani ya damu, ikipita mara tatu ya kiwango cha kawaida na maumivu ni ya namna ile, basi ni pankreatiti, kongosho iliyowaka. Ekografi, ile mashine ya kupiga picha ya tumbo, itaangalia kama kuna mawe ya nyongo, juu hata hayo yanaileta, na kwa mama asiyegusa pombe usimshuku bure.

Si kila mlevi anaipata, ni chini ya 5 kati ya 100. Lakini ikirudi rudi, kongosho nayo inaota kovu, inashindwa kutoa enzimu, mtu anakonda hata akila, choo kinakuwa cha mafuta, kinanuka sana na kinaelea, na baadaye zile seli za insulini zinakufa, inakuja diabeti. Sigara inaharakisha yote hayo. Anayevuta na kunywa, kama hawezi kuacha vyote siku moja, asiahirishe kuacha sigara mpaka "baadaye sana", zote mbili zinapiga kongosho moja.

Nini ya kuomba ku labo

Omba transaminaze (enzimu zinazovuja ku damu seli za maini zikiumia, zinaandikwa GOT na GPT, ama ASAT na ALAT), gamma-GT (enzimu nyingine ya maini), bilirubini (ile rangi ya manjano), plaketi (chembe za kugandisha damu), na wakiweza INR au TP (vipimo vya kuganda kwa damu) na albumini (protini ya damu inayotengenezwa na maini), halafu hepatiti B na C mara moja, na ekografi. Karatasi ikirudi usiangalie tu kama kuna nyota pembeni, ile alama ya kipimo kisicho cha kawaida. Tuseme GOT ni 140 na GPT ni 60. GOT imepita GPT zaidi ya mara mbili, na huo mpango unaelekeza kidole ku pombe, juu hepatiti za virusi kwa kawaida zinapandisha GPT zaidi. Na kinyume chake, mtu mwenye sirosi ya zamani anaweza kuwa na transaminaze za kawaida kabisa, seli zimebaki chache za kuvuja. Pale njo plaketi zilizoshuka na albumini iliyoshuka zinasema ukweli. Kwa hiyo karatasi nzuri ya GOT na GPT peke yake isikupe ruhusa.

Kuna vitu havingoji labo: macho manjano, mkojo mweusi, tumbo linajaa huku mikono inakonda, matapishi ya damu, choo cheusi kinachonata, mtu anayelala mchana na kukesha usiku akiongea maneno yasiyoshikana. Siku ile ile.

Kuacha bila kujiua

Kama unakunywa mwisho wa juma tu, acha leo, hakuna kitu kitakufanya. Lakini yule anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate ya kwanza, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ubongo wake umezoea. Kutetemeka na jasho vinaanza ndani ya saa 6 mpaka 24, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna wanaoanza kuona vitu ambavyo haviko, homa, moyo kukimbia, na wanaweza kufa. Familia inasema amerogwa, inampeleka ku maombi, na saa zinapita. Maombi yafanyike, sipingi, lakini pembeni ya kitanda cha hospitali. Munganga ana dawa za kumtuliza kwa siku chache kwa kipimo kinachoshuka, pamoja na B1. Usijinunulie diazepamu mwenyewe, ukichanganya na pombe unaweza kusimama kupumua.

Namna ya kumwambia: si mbele ya wageni, si akiwa amelewa. Kama ni papa yako, tafuta mtu anayemheshimu, shangazi au mdogo wake, mkae asubuhi, na umpe kitu cha kushika. "Papa, tumekuja kukuomba twende pamoja ku labo, sisi wote tutapima hepatiti B, na wewe pia." Mtu anakubali kupima na wengine kuliko kupimwa peke yake. Usitumie neno mlevi. Na mama wa nyumba asimwage pombe yote kwa hasira usiku kama mzee ni wa kutetemeka, sababu ni ile niliyoandika hapo juu.

Chakula: hakuna haja ya kumkatalia maharagwe, mayai au samaki wadogo wa sambaza eti "maini imechoka". Kinyume chake, mwenye maini iliyoumia anakonda misuli haraka, ale mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, na kitu kabla ya kulala. Kama tumbo lina maji, chumvi ipunguzwe, na vile vikube vya supu viondoke jikoni juu ni chumvi tupu. Mwenye kongosho iliyowaka afuate munganga kwa mafuta. Mizizi ya kuchemsha ya "kusafisha maini" iachwe, dawa hizo zinapita kwenye seli zile zile zilizochoka na zingine zinaziua kabisa.

Baada ya majuma manne mpaka sita bila pombe rudi labo ile ile, upime gamma-GT na transaminaze tena, juu kila labo ina viwango vyake na kulinganisha karatasi mbili za labo tofauti kunadanganya. Gamma-GT inashuka nusu kwa karibu majuma mawili mpaka manne. Kama imebaki pale pale, kuna mambo matatu ya kuuliza: pombe bado inaingia pembeni, kuna dawa nyingine anameza, ao njia ya nyongo imezibwa. La kwanza muulize polepole, na la mwisho liachie ekografi.